Nilivyomfuata Mngoni Wetu Ruangwa

Nilikwenda Ruangwa kwa sababu Padri wetu aliondoka na hatukujua kama atarudi. Sikwenda kutembea wala kuangalia barabara ya lami, ingawa lami niliiona.

Padri wetu ni Padri Kalisto, Mngoni wa Songea. Sisi wa kigango chetu, hapa nje kidogo ya Nachingwea, wengi ni Wamwera, na Mmwera na Mngoni ni watani tangu babu zao walipowakimbiza babu zetu mpaka wakaacha vyungu jikoni. Kwa hiyo tangu amefika, mwaka wa sita huu, hatukumpa nafasi ya kupumua. Akitoka sakristia namwambia, "Mngoni, rudisha chungu cha bibi yangu." Naye anajibu, "Tulikirudisha, Bibi Yustina, ila mlikuwa bado mnakimbia, hamkutuona." Kanisa zima linacheka, ndipo tunaimba wimbo wa kutoka.

Mwezi wa pili mama yake alifariki huko kwao. Mwenyekiti wa parokia akaenda kuzika kwa niaba yetu. Padri aliporudi, Jumapili ile kanisa lilikuwa kimya kama nyumba yenye mgonjwa. Hakuna aliyemtania. Tuliambiana, huyu ni padri, tena amefiwa, tumpe heshima yake. Kina mama tulimpelekea ugali na mbaazi, tukaacha mlangoni kwa mpishi, tukaondoka kwa kunyata. Heshima hiyo ikaenda wiki, ikaenda mwezi, ikazidi kwenda.

Anayejua desturi zetu ameshashika kichwa hapo. Mtani akifiwa, mtani mwenzake haendi kunyamaza. Alipokufa Mwalimu Haule, Mngoni mwingine aliyetufundishia watoto, mimi mwenyewe nililala njiani nikazuia jeneza lisipite mpaka wafiwa walipotoa kuku. Mjane wake, Mama Imelda, alicheka mle mle ndani ya machozi, na mpaka leo ananiambia siku ile ndiyo alijua kwamba ataishi. Ndivyo tunavyofanya. Lakini kwa Padri tuliogopa kanzu.

Basi akaanza kupungua. Si mwili, ni yeye mwenyewe. Mahubiri akawa anasoma kitabuni bila kuinua macho. Vigango vya mbali akawa haendi. Mwezi wa tisa alimwambia Katekista wetu, Fulgensi, "Nikisema Bwana awe nanyi, najisikia kama mtu anayezungumza ndani ya debe tupu." Mwezi wa kumi ulipoanza akaenda kwenye mafungo ya siku thelathini, kwa masista, upande wa Narung'ombe, Wilaya ya Ruangwa. Alisema baada ya mafungo ataamua kama amwombe Askofu amtoe parokiani, na huenda amtoe hata kwenye upadri wenyewe. Fulgensi aliachiwa funguo zote, hata wa chumba cha kulala. Mtu mwenye nia ya kurudi haachi ufunguo wa chumba chake.

Jumuiya yetu ikakutana kwa Mama Oliva, mwenyekiti wa jumuiya. Fulgensi akaandika barua ndefu, akaipigia mstari kwa rula. Nani aipeleke?

"Bibi Yustina," akasema Mama Oliva. "Wafu wote wa kigango wamo kichwani mwake, hawezi kusahau alichotumwa. Na mzee hafukuzwi mlangoni."

Hilo la wafu nilieleze. Siku ya Marehemu, mwezi wa kumi na moja, sisi huenda makaburini asubuhi kabla ya Misa, na majina ya marehemu wote yanaitwa kwa mdomo, bila karatasi. Mwitaji ni mimi, kazi hii niliirithi kwa mama yangu, Agnesi. Nikitaja jina, watu wa nyumba ile wanaitika, "Wa kwetu." Sijawahi kuruka hata mmoja, hata watoto waliokufa siku ya kuzaliwa. Shule nilisoma miaka miwili tu, kwa hiyo kichwa changu hakina vitu vingi vya kugombania nafasi.

Jumatano asubuhi nilipanda kosta pale stendi ya Nachingwea. Nilivaa kanga mbili, barua nimeifunga kwenye pindo la ile ya ndani, na mkononi nina kapu la ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya huku kwetu, kwa sababu Padri Kalisto alipofika huku hakuijua ming'oko, akasema Wamwera tunakula mizizi ya miti, na mwisho akawa anaimaliza kuliko sisi. Niliketi na mwanamke mmoja, Mama Zuhura, muuza samaki wakavu, anayetoka Lindi kila wiki na kuzunguka huku kwetu. Njia nzima ni mikorosho, na chini ya mikorosho watu wameinama wanaokota. Harufu ya mabibo iliingia mpaka ndani ya gari.

"Unakwenda kwa nani, mama?" akaniuliza.

Nikamweleza yote. Mama Zuhura ni Mwislamu, lakini alisikiliza kama ni jambo la msikitini kwao. Nilipofika kwenye kifo cha mama yake Padri, akafungua viganja vyake. "Ngoja nimwombee huyo mama. Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Jina halikuwemo.

Nikafikiri nimelisahau, nikaogopa uzee. Nikalitafuta kama mtu anavyotafuta sindano kwenye mkeka. Halafu nikajua kwamba sikulisahau, sikuwahi kulijua. Tulisema "mama yake Padri", "marehemu mama wa Padri", hata kwenye Misa ya kumwombea tulisema "mama wa Baba Paroko". Miezi minane. Na mimi huyu, ambaye watu wananileta mbele ili niite wafu, sikumuuliza.

"Sijui," nikamwambia.

"Hujui?" Mama Zuhura akanitazama, kisha akarudi kwenye viganja vyake. "Basi Mungu anamjua." Akaomba, akapangusa uso.

Alisema vile kunifariji. Mimi sikufarijika. Kutoka hapo mpaka Ruangwa sikuona tena mkorosho.

Saa nne tulishuka Ruangwa. Mji umekua. Zamani nilikuja na mume wangu, marehemu Silvani, tukauona ni soko na miti, sasa ofisi za serikali zimejaa na mabasi ya Dar es Salaam yanapiga honi kama yana ugomvi. Nilikula muhogo wa kuchoma, nikatafuta bodaboda mtu mzima, nikampata Hashimu, mwenye mvi mbili tatu kidevuni.

"Shikamoo, Bibi. Utaweza kupanda?"

"Marahaba. Nimezaa mara tisa, nitashindwa na pikipiki?" Nikakaa kiume, kanga nimezikaza. Tulipotoka mjini nikamuuliza, kwa sababu lile jambo lilikuwa linaniuma, "Mama yako anaitwa nani?"

"Bibi, unataka kunichumbia?"

"Na meno haya? Jibu."

"Anaitwa Somoe. Yupo, anauza maandazi." Akaendesha kidogo. "Hakuna abiria aliyewahi kuniuliza hilo." Kisha akapunguza mwendo kwenye mchanga bila mimi kumwambia.

Saa saba tulifika kwa masista. Ni nyumba ndogo ya mafungo, kanisa dogo, mikorosho yao nyuma, na njia moja ya mchanga inayotoka kanisani kwenda shambani. Sista Perpetua, mwangalizi, alinipokea vizuri, akanipa maji na uji. Lakini habari aliyonipa haikuwa nzuri.

"Padri Kalisto yuko kwenye kimya, Bibi. Hasemi na mtu isipokuwa padri anayemwongoza. Barua nipe, nitaipitisha chini ya mlango."

"Barua hii ina miguu, Sista. Miguu yenyewe ni mimi."

Alicheka, lakini kwa kuziba mdomo. Akanipa kitanda nipumzike.

Jioni nilimwona Padri kwa mbali, ameketi kanisani kwenye benchi la nyuma, mgongo umeinama. Waliokuwa mafungoni walipita bila kusemezana, kila mmoja na macho yake chini. Nikafikiri, kimya hiki ni kizuri kwa mtu aliyechoka na kelele. Lakini huyu hakuchoka na kelele. Kimya alikileta kutoka kwetu, sisi ndio tuliompa. Niliomba, si kwa maneno ya kitabu. Nilimwambia Mungu, majina yote niliyo nayo ni wewe umenitunzia, hili moja sinalo kwa sababu sikuliomba, na sasa nimekuja kuliomba.

Alhamisi, baada ya Misa ya asubuhi, Sista alinieleza kwamba wote wanakwenda kuokota korosho kwa saa moja, kimya kimya, ni sehemu ya mafungo. Nikatangulia. Nikaenda kwenye ile njia ya mchanga, nikatandika kanga ya juu, nikalala katikati yake, chali, mikono kifuani. Magoti yalilalamika kabla sijafika chini.

Nikasikia hatua. Nikasikia zinakimbia.

"Bibi Yustina?" Alikuwa ameinama juu yangu na ndoo mkononi, kofia ya ukindu kichwani. Alinong'ona. "Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimelala. Hupiti."

"Bibi, niko kwenye kimya."

"Kaa nacho, mimi ndiye ninayesema. Ulifiwa na mama, Mngoni wewe, ukazika upesi upesi kama mtu aliyeiba kuku, watani hukutupa hata utumbo. Wapi mmeona msiba wa hivyo? Hupiti hapa mpaka ulipe."

Sista Perpetua akaja mbio, ameinua sketi kwa mkono. "Bibi! Hapa ni mafungo!"

"Nami nimefunga, Sista. Nimefunga njia."

Padri Kalisto alisimama. Nilimwona kutoka chini kule, uso wake dhidi ya jua, sikuweza kujua kama amekasirika. Nikaogopa, nasema kweli. Nikawaza, Yustina, umemharibia mtu sala yake kwa upumbavu wa uzee.

Ndoo ikamtoka. Akakaa chini kwenye mchanga, hapo hapo karibu na kichwa changu, na ikaanza sauti ambayo kwanza sikujua ni ya kitu gani. Alikuwa anacheka. Halafu mabega yakabadilika, akawa analia, na kicheko hakikutoka, vilikuwa vyote viwili pamoja. Sista Perpetua alitazama, akageuka, akawazuia wale wengine, akawapitisha upande mwingine.

"Umechelewa, Bibi," akasema. "Umechelewa miezi minane."

"Nimechelewa. Safari hii Wamwera tulikimbia bila hata kukimbizwa." Nikanyanyuka, nikakaa. "Lipa kwanza."

Akavua kofia yake, akaniwekea kichwani. Ilikuwa kubwa, ikanifunika masikio.

"Sasa niambie," nikasema, "mama yetu anaitwa nani?"

Alichukua mchanga, akaumwaga, akauchukua tena.

"Rozalia," akasema. "Rozalia binti Gervasi." Kisha akasema, "Tangu nirudi kutoka kumzika, wewe ni wa kwanza kuniuliza."

Akaniambia habari zake. Kwamba alipokuwa seminari, mama alikuwa akipakua chakula cha jioni anatenga na sahani ya Kalisto, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa mpaka wote washibe. Kwamba siku ya upadirisho alipiga magoti akapokea baraka ya kwanza ya mwanawe, halafu akasimama akamfuta jasho usoni kwa ncha ya kanga, mbele ya Askofu, kama anamtayarisha kwenda shule.

"Kila mwaka nawasikiliza pale makaburini," akasema. "Unaita, wanaitika. Mwaka huu nikaiona siku ile inakuja, nikawaza, wa kwangu ataitwa na nani? Nikaona aibu kuwaza hivyo, padri mzima. Nikalinyamazia. Na nilipolinyamazia hilo, kila kitu kikanyamaza. Nilikuwa nashika kalisi na mikono haina habari."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hamkuuliza?"

Hapo tulikaa kimya wote wawili, lakini kilikuwa kimya kingine, cha watu waliokaa pamoja. Nikampa ming'oko. Akala mitatu. Akasema ina chumvi kidogo, nikamwambia Mngoni akipewa anachagua. Ndipo nikakumbuka barua. Akaifungua, akasoma kwa sauti, "Kwa heshima na taadhima, sisi waumini tajwa hapo juu," akacheka tena. "Fulgensi anafikiri mimi ni Mkuu wa Wilaya." Lakini aliikunja vizuri, akaiweka mfukoni upande wa moyo.

"Utarudi?" nikauliza.

"Siwezi kukuahidi, Bibi. Niache nimalize siku zangu. Leo nimeweza kumlilia mama yangu. Kesho nitaona kama naweza kusali. Nikikuahidi sasa hivi ili ufurahi, nitakuwa nimekudanganya."

Nilitaka kumbana. Sikumbana. Akaokota ndoo, akaingia kwenye mikorosho, kichwa wazi juani.

Alhamisi hiyo hiyo mchana Hashimu alinirudisha Ruangwa, nikapata gari, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama nikashuka Nachingwea nimevaa kofia ya Padri. Walikuwa wananisubiri kwa Mama Oliva, wote, hata Mama Imelda.

"Kasemaje?" akauliza Mama Oliva.

"Kasema mama yake anaitwa Rozalia."

"Na kurudi?"

"Hakusema."

"Bibi Yustina! Umekwenda mpaka Ruangwa, umerudi na jina tu?"

"Na kofia," akasema Mama Imelda.

Fulgensi aliuliza kama barua ilisomwa. Nikamwambia ilisomwa na ilimfurahisha sana, na huo si uongo. Halafu nikawaeleza la gari, viganja vya Mama Zuhura, na mdomo wangu ulivyobaki wazi. Mama Oliva aliangalia chini. "Nami nilipika ule ugali," akasema, "nikauweka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona ameketi ndani. Nikaondoka." Kila mmoja akasema la kwake.

Siku ya Marehemu ilifika na Padri hakuwa amefika. Tulikwenda makaburini na Fulgensi, tukijua baadaye ataongoza ibada bila Misa. Majani tulikuwa tumeyafyeka tangu jana yake. Nikaanza kwa wa zamani, nikaja kwa mama yangu Agnesi, nikaja kwa Silvani wangu, nikaitika mwenyewe. Nikaita mpaka nikamaliza makaburi yote. Hapo siku zote ndipo ninapoishia, na watu wakaanza kujipangusa vumbi.

"Rozalia binti Gervasi," nikaita, "wa Songea."

Hatukuwa tumepanga nani aitike. Kaburi lake haliko pale, nyumba yake haiko pale. Nikasikia upepo kwenye mikorosho. Nikawaza, nimeita jina la mtu na sina wa kuliitikia, nimefanya vibaya kuliko kutoliita.

"Wa kwetu," akasema Mama Imelda, peke yake. Kisha Mama Oliva. Kisha wote, vile kwa kupishana, "Wa kwetu, wa kwetu," mpaka kwa watoto.

Na baada ya wote kunyamaza, nyuma yetu kwenye njia, sauti ya mwanaume ikaitika. "Wa kwetu."

Tukageuka. Alikuwa na begi begani na vumbi mpaka kwenye kope. Nikaona ile heshima mbaya inataka kuturudia, watu wanaanza kushusha macho. Mama Oliva akaiwahi. Alikwenda moja kwa moja akamnyang'anya begi. "Hili ni la watani. Mwenye msiba anayechelewa hivi hana haki ya mzigo."

"Chukueni," akasema Padri Kalisto. Akanigeukia. "Bibi, mimi nimefuata kofia yangu."

"Kaidai kwa bibi yangu. Iko ndani ya chungu."

Tulicheka makaburini, mbele ya wafu wetu wote, na sidhani waliona vibaya. Fulgensi alimrudishia funguo. Padri aliposimama altareni akasema "Bwana awe nanyi", nilimtazama machoni. Macho yake hayakuwa kitabuni. Tulimjibu kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akasita kidogo kabla ya kuendelea.

Sisemi amepona kabisa. Kuna siku bado namwona ameinama kwenye benchi la nyuma, na siku hizo naenda kumsumbua kuhusu chungu. Mambo ya moyo wake na Mungu ni yake. Ninayoyajua mimi ni yangu: niliringa kwamba nakumbuka majina yote, kumbe nilikumbuka ya waliozikwa karibu. Walioletwa kwetu na kazi, kutoka mikoa mingine, nao wana mama zao, na hakuna anayewauliza. Siku hizi nauliza. Nesi wa zahanati, mama yake alikuwa Tabu, wa Kigoma, nimeshamweka kwenye orodha yangu ya kichwani. Mwalimu mpya wa hesabu ametoka Bukoba. Nilimsimamisha njiani juzi, akashtuka, akafikiri kuna shida. Mama yake anaitwa Koku, na yu hai. Nikamwambia jioni ampigie simu.